Madaraka: yanatumiwa au yanatumbuliwa?

Haya msomaji wangu, leo tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo, ingawa nakuahidi mapenzi yatachungulia kabla hatujaachana. Leo tushike kitenzi kimoja. Usikunje uso, wala usigeuze ukurasa kwenda kwenye mpira. Si somo la darasani hili, ni maisha yako mwenyewe. Kitenzi chenyewe ni kutumia. Si kutumia sabuni wala kutumia hela za watu. Nasema kutumia madaraka.

Hapa Geita hiki kitenzi kina kazi kuliko bodaboda. Mwenye duara kule Mgusu akikwaruzana na vijana wake juu ya mgao wa mifuko ya mawe, utamsikia: "Nisije nikatumia madaraka yangu hapa!" Meneja wa baa naye anayo. Mgambo wa sokoni ndiyo usiseme. Juzijuzi kwenye gari la Katoro nimemsikia konda, kijana mdogo tu ambaye hata ndevu hazijakomaa, akimwambia mama mmoja mwenye tenga la kuku, "Mama, nikitumia madaraka yangu hapa unashuka." Mama wa watu akalipia kuku nauli.

Sasa hebu chunguza kitu. Umewahi kumsikia mtu anasema "nitatumia madaraka yangu" halafu akakuongezea mgao? Akakupunguzia nauli? Akakusamehe kodi ya pango? Hakuna. Mtu akiwa na jema atalifanya tu, wala hatataja cheo. Madaraka yanatajwa pale mtu anapotaka kukuumiza. Ndiyo maana huku kwetu mtu akisema "yule bwana ametumia madaraka", wote tunatikisa kichwa kwa huruma, bila hata kuuliza alichofanya.

Lakini fungua Katiba yetu ya 1977 uone. Humo kutumia madaraka si tusi hata kidogo, ni kazi ya kila siku. Rais anatumia madaraka, waziri anatumia, Bunge linatumia. Ibara ya 8 inatamka wazi kwamba msingi wa mamlaka yote ni wananchi, na kwamba Serikali inayapata madaraka yake kutoka kwao. Yaani kwa mama wa kuku na kwa wewe unayesoma gazeti la kuazima. Imekuwaje basi kitenzi safi namna hii kikichomoka kwenye Katiba na kupanda gari la Katoro kinageuka fimbo?

Tulibishana hili pale kijiweni kwetu Nyankumbu. Mzee mmoja mwalimu mstaafu, ambaye kahawa yake haipoi kwa kuwa haachi kuongea na haachi kunywa, akatuambia tusichanganye kutumia na kutekeleza. Unatekeleza agizo, unatekeleza jukumu, unatekeleza ahadi. Ukitekeleza, kuna mwingine aliyekwisha kuamua. Wewe ni mikono tu. Lakini ukitumia, uamuzi ni wako. Ungeweza kutumia, ungeweza kuacha. Panga liko ukutani, ni wewe uliyelishusha. Kwa hiyo, akasema mwalimu, kigogo akishakwambia "mimi natekeleza tu", mwangalie vizuri, huenda anatumia.

Nikaona hoja ina uzito. Nami nikaenda kufukua zaidi. Mzizi wa tumia ni tuma. Ukimtuma mtoto dukani anakwenda na hela yako, na chenji anarudisha. Humo humo kwenye tuma ndimo walimotoka mtume, mtumishi na kutumikia. Ni ukoo mmoja. Na daraka lenyewe, kabla halijawa kiti cha kuzunguka na gari lenye pazia, maana yake ilikuwa wajibu, kitu alichobebeshwa mtu. Mamlaka ni wa ukoo mwingine, wa kina miliki na mmiliki. Sasa ona mchezo: anayesema ana mamlaka anasema kama mwenye shamba, anayesema ana daraka anasema kama mwenye deni. Jirani zetu wa Kenya wanayo hata sikukuu ya Madaraka, tarehe 1 Juni, ya kukumbuka siku ile ya 1963 walipoanza kujitawala. Kule neno ni bendera na gwaride. Huku kwetu neno ni konda.

Tena wazee wetu wa siasa waliliona hili mapema. Zile ahadi za mwana-TANU, ambazo CCM nayo ikazirithi, zina moja ya kwamba cheo ni dhamana, na mwanachama anaapa kutokitumia kwa faida yake mwenyewe. Kitenzi ni kile kile, kutumia. Nadhani hapo ndipo masikio yetu yalipozoea kukisikia kikiwa na kashfa ndani yake. Watoto waliimbishwa ahadi hizi shuleni, wakakua wanajua cheo hakitumiwi. Kisha wakapewa vyeo.

Na kabla ya TANU? Geita hii ni Uzinza, lakini Wasukuma tumehamia kwa wingi na tumekuja na maneno yetu. Mtawala wa Kisukuma aliitwa ntemi, na jina hilo linatokana na kutema, yaani kukata. Wengine wanasema ni kukata miti, kwa vile aliyefyeka pori wa kwanza ndiye aliyekuwa mkubwa. Wengine wanasema ni kukata mashauri. Vyovyote iwavyo, ni kitenzi cha makali. Lakini ntemi hakuwa peke yake na panga lake. Alikuwa na wazee wa banang'oma, hao ndio waliomchagua na kumsimika, na mambo yakienda kombo, kwa mfano mvua ikigoma, waliweza kumwondoa. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mimi si mtu wa kulilia ya kale, maana hata mimi nisingependa kufukuzwa kazi kwa sababu ya ukame. Nataja tu kwamba aliyekata alikuwa na wa kumkata.

Sasa tuingie kwenye kitenzi ambacho mkoa wetu umekitoa kwa dunia. Hapo najua umekaa vizuri. Kutumbua!

Hayati John Pombe Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, na Chato tangu 2012 ni wilaya ya Mkoa wa Geita. Aliapishwa kuwa Rais tarehe 5 Novemba 2015, na tarehe 20 mwezi huo akalihutubia Bunge kule Dodoma, akawaomba wabunge wamuunge mkono katika kazi ya kutumbua majipu. Majipu yalikuwa wala rushwa na wazembe serikalini. Wiki hazikupita nyingi, vigogo wa mamlaka ya mapato, wa bandari na wa TAKUKURU wakawa nje ya ofisi. Nchi nzima ikakishika kitenzi. Wanaume walitumbua mahawara, mahawara wakatumbua wanaume, kocha akifungwa mechi mbili mashabiki wanataka atumbuliwe. Sijui kama kuna kitenzi cha Kiswahili kilichowahi kupanda chati kwa kasi ile.

Nami nasema kilistahili. Watu walikuwa wamechoka na longolongo za "suala hilo linashughulikiwa". Walitaka kuona usaha unatoka. Kutumia madaraka ni maneno baridi, ya barua yenye kumbukumbu namba. Kutumbua ni maneno ya mwili, unayasikia mpaka kwenye ngozi.

Ila, mtu wangu, jipu halina utetezi. Hapo ndipo kitenzi kinaponitia wasiwasi. Hakuna daktari anayelihoji jipu, "Wewe unasemaje?" Jipu likishaitwa jipu kinachobaki ni sindano. Wakati Ibara ya 13 ya Katiba hiyo hiyo inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na chombo chochote ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mtuhumiwa anasikilizwa, jipu linakamuliwa. Ukibadili jina la mtu umebadili na anachostahili, na umefanya hivyo kwa neno moja tu.

Halafu kutumbua kuna maana nyingine, ya mtaani na ya siku nyingi. Kijana akipiga dhahabu Nyarugusu, akashuka mjini Ijumaa na mkwanja mfukoni, Jumatatu akaonekana anakopa nauli ya kurudia machimboni, tunasema hela amezitumbua. Kwa hiyo mtu anaweza kutumbua majipu, na anaweza kutumbua madaraka vile vile kama yule wetu anavyotumbua hela: ana kitu cha thamani mkononi, anakimwaga chote siku moja kwa ajili ya kuonekana. Baadaye barua za serikali zikaja na kitenzi chao cha suti na tai, kutengua. Ametengua uteuzi wa fulani. Kutengua ni kile kile cha kutengua udhu: mtu alikuwa tayari kwa sala, sasa hayuko tayari tena, na watu wa pembeni hawaelezwi kilichomtoka.

Kwa upande wangu, ukitaka kuelewa kutumia madaraka ni nini hasa, usiende Chato. Nenda Kisutu. Na safari yenyewe inaanzia kwenye dhahabu, hii hii inayotuweka mjini.

Mgodi mkubwa wa hapa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mingine ikafuata huku Kanda ya Ziwa. Serikali ikataka kujua kwa uhakika ni dhahabu kiasi gani inachimbwa, ndipo mwaka 2003 ikaletwa kampuni ya kigeni, Alex Stewart, ifanye ukaguzi. Kampuni ile ikasamehewa kodi. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Basil Mramba, wa Nishati na Madini Daniel Yona. Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeshauri msamaha usitolewe. Ulitolewa.

Novemba 2008 mawaziri hao wawili, ambao kufikia hapo walikuwa wameshatoka serikalini, wakapandishwa kizimbani Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Baadaye akaunganishwa Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Shitaka: kutumia vibaya madaraka na kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Kesi ikaenda miaka karibu saba. Julai 2015 mahakama ikawatia hatiani Mramba na Yona, miaka mitatu jela kila mmoja, na Mgonja akaachiwa huru. Mahakama Kuu ikakipunguza kifungo kuwa miaka miwili, na Februari 2016 wakabadilishiwa adhabu wakawa wanatumikia kifungo cha nje kwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Picha za wazee wale na mafagio zilizunguka nchi nzima.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Hakuna aliyebisha kwamba Waziri wa Fedha anao uwezo wa kusamehe kodi kwa tangazo la Serikali. Sheria ilimpa. Hakuvunja kabati usiku kuiba mhuri. Mhuri ulikuwa wake, kalamu yake, saini yake. Ubishi wote wa miaka saba ulikuwa juu ya kitenzi: umeutumiaje? Kwa faida ya nani? Uliambiwa nini kabla ya kuutumia? Watu wa vijiweni wengi wanadhani kosa la matumizi mabaya ya madaraka ni kujifanya mkubwa wakati si mkubwa. Hapana bwana. Ni lazima kwanza uwe nayo kweli.

Na hata yakitumiwa kwa huruma si lazima wote wacheke. Ibara ya 45 inampa Rais madaraka ya kusamehe wafungwa. Tarehe 9 Desemba 2017 Magufuli aliyatumia kuwaachia Nguza Viking, Babu Seya wa muziki wa dansi, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto wa shule. Mjini watu walipiga honi. Mimi nilizima redio nikawafikiria wale watoto, ambao wakati huo walikuwa wameshakuwa wasichana wakubwa, na pengine nao redio ilikuwa imewashwa.

Nilikuahidi mapenzi. Haya, yamefika, lakini usitegemee maua.

Nina jamaa yangu, fundi wa makarasha, kijana mpole ambaye kelele zake zote zimeishia kwenye mashine za kusaga mawe. Alikuwa amepata kazi wilaya nyingine, siitaji, ya ukanda huu huu wa dhahabu. Alikuwa ameshapeleka posa na ameshajibiwa. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kukaa na wakwe kuhesabu ng'ombe. Alhamisi kukawa na mkutano wa hadhara. Kigogo mmoja akahutubia, akaruhusu maswali. Jamaa akasimama na kuuliza: michango ya zahanati tuliyotoa imefikia wapi, mbona jengo liko kwenye linta tangu mwaka jana?

"Wewe ni nani?" akaulizwa. Kabla hajamaliza kutaja jina likafuata: "Weka ndani huyo."

Kuweka ndani. Hicho ndicho kitenzi cha madaraka ambacho kila kijana wa huku anakijua kabla hajajua kusoma. Jamaa akapandishwa kwenye difenda, akaenda kulala lupango. Simu ikabaki kaunta, imezimwa. Ijumaa yote ndani. Jumamosi asubuhi wazee wa pande zote wamekaa, soda zimefunguliwa, bwana harusi hapatikani. Mtu mmoja mwenye habari moto akaleta umbea: mchumba yuko polisi. Kwa kosa gani? Hajui, anajua tu yuko ndani. Baba wa binti akanyanyuka. Kwake yeye mtu hawekwi ndani bure.

Jamaa alitolewa Jumamosi hiyo hiyo jioni. Hakushitakiwa, hakuandikwa maelezo, hakupewa hata kikaratasi. "Nenda, usirudie." Usirudie nini, hakuambiwa.

Nilipomtembelea nilikwenda na maelezo ya ile Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Maana uwezo huo wa kukamatisha mtu upo, wakuu wa mikoa na wa wilaya wamepewa kweli. Lakini ona ulivyofungwa kamba. Awe ametenda kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushitakiwa kwalo, au kuwe na sababu ya kuamini kwamba atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia isipokuwa kumshika. Sababu ziandikwe. Ndani ya saa 48 afikishwe kwa hakimu, na asipofikishwa aachiwe, wala asikamatwe tena kwa sababu ile ile. Na kiongozi akiutumia uwezo huo vibaya, yeye mwenyewe anaweza kushitakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu. Zile saa 48 ambazo vigogo wanazitaja jukwaani kama vile ni adhabu, "nitakulaza ndani saa arobaini na nane", kwenye sheria ndiyo mwisho wa kumfikisha mtu mahakamani. Ukomo umegeuzwa kipimo, kama mtu aliyeambiwa gari lisizidi mwendo wa 80 akaona ni lazima afike 80 hata sokoni.

Swali la zahanati linavunja amani vipi, sikuliona popote.

Jamaa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kitu kilichonishika. Hataki fidia. Hataki kigogo afagie hospitali. Anataka ile karatasi ya sababu. Akiwa nayo atampelekea baba wa binti, wazee wataisoma, wataona kwamba hakuiba, hakubaka, hakupiga mtu, aliuliza swali. Bila karatasi yeye ni mtu aliyewahi kuwa ndani, basi. Binti mwenyewe bado anampigia simu, usiku, kwa sauti ya chini.

Tukakaa kuandika barua ya kuomba hizo sababu. Heshima zote tukaziweka, yahusu tukaipigia mstari. Tulipofika kwenye sentensi yenyewe mimi nikataka iwe "siku hiyo ulitumia vibaya madaraka yako". Jamaa akachukua kalamu, akalikata neno vibaya. Ikabaki "siku hiyo ulitumia madaraka yako".

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Kaka, mimi nataka jibu. Sitaki usiku wa tatu."

Barua imekwenda wiki ya nne sasa.